Pesa ya Paipu Si Pesa ya Fundi
Namna ya kuanzisha na kukuza biashara ndogo ya ufundi wa mifereji



Katika vikundi vingi vya Machakos, Makueni na Kitui tunavyovitembelea kuna shida moja inayofanana. Wanachama wamechanga, wamebeba mchanga na mawe, tangi limesimama. Baada ya miezi michache mfereji unaanza kudondoka, au valvu inashika kutu na kukataa kufunga. Mtu anatumwa mjini kumtafuta fundi. Kuna nauli, kuna siku mbili tatu za kungoja, na wakati huo wote maji yanamwagika na akina mama wanarudi mtoni na mitungi. Na pale pale sokoni, kando ya stendi ya bodaboda, wameketi vijana waliosomea kazi hiyo hiyo kwenye chuo cha ufundi, na hawana kazi.

Kwa hivyo si ajabu vikundi vikituuliza: "Je, kijana wetu anaweza kuanzisha biashara ya kuwa plamba? Na aanze na pesa ngapi?"

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na hata msichana anaweza. Swali la pili ni zuri, lakini si la kwanza. Biashara hii haitaki mtaji mkubwa. Tunajua walioanza na spana mbili na msumeno. Na zile biashara ambazo zilikufa, nyingi hazikufa kwa kukosa mtaji. Zilikufa kwa sababu fundi alikula pesa ya mwenye kazi kabla paipu hazijanunuliwa. Katika makala haya tutaeleza hatua za kuanza na za kukua, lakini tutakaa zaidi juu ya jambo hilo la pesa, kwa sababu ndilo linaloua.

1. KAZI IKO WAPI?

Kabla ya kununua hata spana moja, tembeeni. Chagueni Jumamosi moja, chukueni daftari na kalamu, mpite sokoni na vijijini. Andikeni: kuna matangi mangapi ya maji ya mvua, ploti ngapi za kupangisha, shule ngapi, zahanati, vioski vya maji, hoteli, saluni. Kando ya kila moja andikeni shida mliyoiona. Mfereji unadondoka? Gata imening'inia? Maji yanafurika juu ya tangi kwa sababu boya limevunjika? Jioni mtakuwa na orodha ya wateja wenu wa kwanza.

Watu wengi hawaiti fundi kwa sababu hawajui hasara wanayopata. Ni kazi yenu kuwaonyesha. Mfereji unaotoa tone moja kila sekunde hupoteza maji mengi kwa siku. Msitushikilie sisi maneno, wekeni ndoo chini usiku mmoja mpime. Mwenye ploti akiona ndoo hiyo asubuhi, na anajua bei ya mtungi wa lita 20 mwezi wa Septemba, hatahitaji maneno mengi.

Hesabu ya mvua pia ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 6 ni mita mraba 60. Mvua ya milimita 100 kwa paa hilo ni lita 6,000. Toeni kidogo kwa ajili ya yanayoruka na yanayokauka, bado zinabaki karibu lita 5,000. Hilo ni tangi zima la plastiki la lita 5,000. Kama gata imefungwa upande mmoja tu wa paa, mama huyo anapoteza nusu ya tangi lake. Mwambieni hivyo kabla ya mvua kuanza.

Hapo tunafika kwa kalenda. Huku Ukambani mvua ya Oktoba hadi Disemba hutegemewa kuliko ile ya Machi hadi Mei. Basi kazi ya gata na matangi itafuteni kuanzia Julai, msingoje mawingu. Mvua ikishaanza kila mtu anataka fundi siku moja, na mtashindwa kuwafikia wote. Miezi ya kiangazi ni ya vioski, laini za maji kutoka visimani, na nyumba zinazojengwa sokoni.

2. UJUZI KWANZA

Vyuo vya ufundi vijijini vilianza nchini Kenya miaka ya 1960 kwa juhudi za makanisa, ili vijana waliomaliza shule ya msingi wapate kazi ya mikono. Siku hizi vyuo hivi viko chini ya serikali za kaunti. Kijana akisoma huko anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Mtihani huu una gredi tatu: mtu huanza na ya tatu, halafu ya pili, halafu ya kwanza. Hata yule aliyejifunza kazi kwa kumsaidia fundi, bila kukaa darasani, anaweza kuomba kufanya mtihani huo. Cheti si lazima kwa kubadilisha washa ya mfereji wa jirani, lakini siku shule au zahanati inataka fundi, cheti ndicho kitakachoulizwa.

Hata hivyo cheti peke yake hakitoshi. Tunashauri kijana aliyetoka chuoni afanye kazi angalau mwaka mmoja chini ya fundi mwenye uzoefu. Pale ndipo anajifunza mambo ambayo ubaoni hayaandikwi, kwa mfano haya:

- Nguvu ya maji inatokana na kimo cha tangi, si ukubwa wake. Tangi la lita 10,000 lililokaa chini halitapandisha maji bafuni. Tangi dogo lililoinuliwa juu litapandisha.

- Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Wale wanaoliweka juu ya stendi ya mbao zilizobaki kwa ujenzi wanajitafutia kifo.

- Visima vingi vya Ukambani vina maji ya chumvi. Maji hayo hula paipu za chuma. Fundi anayeweka paipu za chuma penye maji ya chumvi, eti kwa sababu ni ngumu, atamwingiza mwenye nyumba kwenye gharama mara mbili.

- Paipu ya plastiki ikiachwa juani inachakaa na kupasuka. Ifukieni, kina kama cha goti au zaidi, ili jembe na magurudumu yasiifikie.

3. VIFAA VYA KUANZIA

Msinunue vyote kwa siku moja. Vya kuanzia ni hivi: spana mbili za paipu, kwa sababu moja hushika na nyingine huzungusha, msumeno wa chuma na meno ya akiba, tepu ya kupimia, pima maji, nyundo na patasi, tupa, spana ya kawaida ya kufungua na kufunga, na kisanduku cha vitu vidogo kama washa za mpira, tepu nyeupe ya kuzibia na gundi ya paipu za plastiki. Vitu hivi vyote vinabebwa na bodaboda moja.

Halafu kuna mashine. Nyumba nyingi mpya siku hizi zinawekwa paipu za PPR, zile zinazounganishwa kwa kuchomelewa kwa joto. Mashine yake huchemka hadi nyuzi 260 hivi. Paipu ya milimita 20 inashikwa kwenye joto sekunde 5, ile ya milimita 25 sekunde 7, kisha inaunganishwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Ukizidisha, plastiki inafurika ndani na kuziba njia ya maji. Ukipunguza, inavuja. Mashine hii inataka stima. Mahali pasipo na stima, paipu za gundi au zile za polithini nyeusi zinafaa zaidi.

Je, inunuliwe? Mwanzoni hapana. Ikodisheni kwa siku. Mkiona mmeikodisha mara nyingi hivi kwamba pesa za kukodi zinakaribia bei ya dukani, basi wakati wa kununua umefika. Hapa ndipo kikundi kinaweza kusaidia sana: kikundi kinanunua mashine, inabaki mali ya kikundi, na kila fundi mwanachama anaikodi kwa bei nafuu. Mweka hazina anaandika nani ameichukua, lini, na imerudi vipi. Hiyo ni bora kuliko kumpa kijana mmoja pesa taslimu na kumwombea heri.

4. KUTOA BEI

Fundi wengi hutaja bei wakiwa wamesimama mlangoni. "Hii ni elfu kumi na tano, mama." Halafu katikati ya kazi wanagundua vifaa havitoshi, na ugomvi unaanza. Msitaje bei kabla ya kupima. Pimeni urefu wa paipu, hesabuni kona, viungo, mifereji na valvu. Ulizeni bei kwa maduka mawili ya hadwea. Andikeni.

Tuchukue mfano. Mwalimu mmoja anataka maji yatoke kwenye tangi lake hadi jikoni, penye sinki moja na mifereji miwili. Bei hizi ni za mfano tu, nyinyi tumieni za kwenu:

Vifaa vyote kutoka dukani: sh. 14,200
Usafiri wa vifaa: sh. 800
Fundi, siku 2 kwa sh. 1,500: sh. 3,000
Msaidizi, siku 2 kwa sh. 700: sh. 1,400
Kuchakaa kwa vyombo: sh. 600
Faida ya biashara: sh. 2,000
JUMLA: sh. 22,000

Angalieni mistari miwili ya mwisho. Wengi huiacha. Wanasema mshahara wa fundi ndio faida. Sivyo. Mshahara ni wa kula nyumbani. Vyombo vinachakaa, meno ya msumeno yanakatika, na siku moja spana itapotea. Na bila faida inayobaki, biashara itakuwa mwaka ujao pale pale ilipo leo.

Andikeni makadirio haya nakala mbili, moja ya mwenye kazi na moja yenu, na kila mmoja atie sahihi. Andikeni pia kile ambacho hakimo: "Kuchimba mtaro ni kazi ya mwenye nyumba," au "Sinki ataleta mwenyewe." Maneno hayo mafupi yameokoa urafiki mwingi.

5. HAPA NDIPO BIASHARA HUFIA

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Katika mfano wetu mwalimu anatoa sh. 15,000 za vifaa na usafiri siku ya Jumatatu. Tuseme fundi anazipokea mkononi. Jioni mtoto wake anarudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya karo. Anafikiri hivi: "Nichukue 6,000, nitazirudisha nikilipwa." Sababu yake ni nzuri. Hakuna mzazi atakayemlaumu. Lakini vifaa vya mwalimu sasa havitimii.

Wiki inayofuata mwenye duka pale sokoni anampa 20,000 za vifaa. Fundi anatoa 6,000 hapo, anakamilisha kazi ya mwalimu, na mwalimu anamlipa 7,000 zilizobaki. Lakini hizo 7,000 msaidizi anadai zake, nyumbani kuna deni la unga, na zinaisha. Shimo la 6,000 halijazibwa. Limehamishwa tu kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwenye duka. Ili kumaliza kazi ya mwenye duka lazima apate mteja wa tatu, na yeye pia yuko na shida zake, kwa hivyo anachukua 4,000 nyingine. Shimo sasa ni 10,000. Mteja wa tatu anamfunika wa pili, wa nne anamfunika wa tatu. Siku wa tano anakosekana, simu inazimwa. Watu wanaenda kwa chifu. Soko lote linajua.

Fundi huyu hakuwa mwizi alipoanza. Alikuwa fundi mzuri, pengine mzuri kuliko wengine wote pale. Lakini hakuna atakayempa kazi tena, na mbaya zaidi, vijana wengine watatu waliosomea kazi hiyo hawatapewa pia, kwa sababu watu watasema, "Hao maplamba tunawajua."

Kwa hivyo tunasema: pesa ya paipu si pesa ya fundi. Ni pesa ya mwenye kazi mpaka paipu iwe imelala kwenye mtaro wake. Na kwa kuwa shida za nyumbani haziishi, msitegemee moyo mgumu. Tegemeeni utaratibu:

Kwanza, pesa ya vifaa isipitie mkononi mwenu kama inawezekana. Nendeni dukani pamoja na mwenye kazi, au alipe duka mwenyewe kwa M-Pesa mkiwa na orodha mkononi. Risiti ibaki kwake. Vifaa vikibaki, virudisheni kwake au dukani, na pesa zirudi kwake. Kurudisha kiungo kimoja cha plastiki kilichobaki kutawaletea wateja kuliko kibao cha rangi.

Pili, kama ni lazima mpokee pesa, ziingie kwenye laini ya simu tofauti na ile ya nyumbani, au kwenye akaunti. Laini moja ikipokea pesa ya mteja na pesa ya unga, hakuna anayejua ipi ni ipi. Na mtu akiwa na deni la Fuliza kwenye laini hiyo, pesa ya mwalimu ikiingia inakatwa papo hapo kulipa deni. Fundi hajagusa kitu, na tayari vifaa vimepungua!

Tatu, gawanyeni malipo ya kazi. Katika mfano wetu kazi ni sh. 7,000. Ombeni nusu, yaani 3,500, paipu zikishalazwa, na nusu nyingine maji yakishatoka na kuonekana hayavuji. Hapo fundi ana cha kula katikati ya kazi na hana haja ya kugusa ya vifaa. Mwenye kazi naye hana hofu.

Nne, zile 7,000 zikiingia zigawanywe siku hiyo hiyo: 1,400 za msaidizi, 3,000 za nyumbani, 600 za vyombo, 2,000 za biashara. Mke au mume wa fundi ajue kwamba za nyumbani ni 3,000, si 7,000. Tumeona ugomvi mwingi ukitokana na mtu wa nyumbani kusikia "amelipwa" bila kujua amelipwa nini. Elezaneni mapema.

Tano, andikeni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kurasa 96 linatosha: tarehe, mwenye kazi, pesa iliyoingia, ya vifaa, ya kazi, deni lililobaki. Dakika 10 kila jioni.

Kuna jambo moja linalofanana na hili ambalo mafundi hawapendi lizungumzwe. Maduka mengine humpa fundi kitu kidogo kwa kuleta mteja. Si vibaya kupewa asante. Ubaya unaanza fundi anapomwandikia mteja valvu mbili ambapo moja inatosha, au kumpeleka kwenye duka lenye bei ya juu ili asante iwe nono. Kama duka linatoa punguzo, mwambieni mwenye kazi. Akijua mmemwokolea pesa, atawaita tena.

6. KAZI ISIVUJE

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangazo la plamba ni ukuta mkavu. Kabla ya kufukia mtaro au kupiga plasta, jazeni paipu maji, fungeni mifereji yote, mwache usiku kucha. Gundi nayo ipewe muda wake wa kukauka kama ilivyoandikwa kwenye mkebe. Asubuhi pitisheni mkono kila kiungo. Hakuna aliyewahi kujuta kwa kungoja usiku mmoja, lakini kuvunja vigae vya mtu kutafuta tone moja ni aibu na hasara.

Wekeni valvu ya kufungia mahali ambapo mama wa nyumbani anaweza kuifikia, na mumfundishe kuifunga. Baada ya wiki mbili rudini mkaangalie kazi bila kuitwa na bila malipo. Kama kuna kasoro yenu, rekebisheni bure. Mara nyingi mkienda hivyo mtakuta jirani amesimama pale, anauliza bei.

7. KUKUA

Msikimbilie kandarasi kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu nyufa ni nyingi: anzeni na kuziba. Kazi ndogo ndogo za ukarabati zinalipwa siku hiyo hiyo, hazitaki mtaji, na zinawajulisha watu jina lenu.

Hatua ya pili ni mapatano ya matunzo. Nendeni kwa shule, zahanati, mwenye ploti au kikundi cha maji, mwaambie: "Tutakagua mifereji, valvu na matangi yenu mara moja kila mwezi kwa kiasi hiki. Vifaa mtanunua nyinyi." Mkipata wateja wanne wa namna hiyo, mna mshahara unaojulikana hata mwezi ambao hakuna anayejenga. Kwa kikundi cha maji nayo ni faida, kwa sababu ile valvu itapakwa mafuta kabla haijashika kutu.

Hatua ya tatu ni kuwa halali. Sajilini jina la biashara, chukueni PIN ya KRA na kibali cha biashara cha kaunti. Kama ni kikundi, hakikisheni usajili wenu uko sawa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya sehemu yenu itawaelekeza. Karatasi hizi zinafungua mlango wa kazi za serikali. Mpango wa AGPO, ulioanza mwaka 2013, unatenga asilimia 30 ya kandarasi za serikali kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Lakini sikilizeni. Kazi ya serikali mara nyingi hulipwa baada ya miezi, na wakandarasi wengi wa kaunti wamengoja zaidi ya mwaka. Msichukue kazi kama hiyo kwa pesa za mkopo wa muda mfupi au kwa vifaa vya deni kutoka kwa hadwea. Chukueni ile tu ambayo mkichelewa kulipwa watoto bado watakula. Hali kadhalika mikopo: Hazina ya Vijana, Hazina ya Wanawake na nyinginezo zipo, nendeni mkaulize masharti. Mkopo ununue kitu kinacholeta kazi, kama ile mashine. Mkopo wa kuziba shimo la pesa za wateja ni shimo juu ya shimo.

Mkianza kuwa wengi, wekeni wazi nani ni nani. Aliyechimba mtaro alipwe mshahara wa kuchimba. Kikundi kipate kodi ya mashine na sehemu ya faida mliyokubaliana. Mwanachama ambaye hakuja kazini asidai mshahara kwa sababu ni mwanachama. Vikundi vingi vinavunjika hapo.

8. MAMBO YA HATARI NA YA SHERIA

Msiunganishe mtu kwenye paipu kuu ya kampuni ya maji bila ruhusa ya kampuni. Ni kosa kisheria, na faini haitamchagua mwenye nyumba peke yake. Kazi yenu inaanzia baada ya mita.

Shimo la maji machafu lisiwe karibu na kisima. Acheni angalau mita 30, na lisiwe upande wa juu wa mteremko. Fundi anayekosea hapa anawapa watoto wa jirani kipindupindu.

Na hili tunaliandika kwa uzito: mtu asiingie ndani ya tangi la choo au shimo la maji machafu, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Hewa ya mle ndani inaua kimya kimya, na mara nyingi anayeingia kumwokoa wa kwanza hufa naye. Kazi hiyo ni ya wenye vyombo vya kunyonya.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu ni nani wamesomea kazi hii, wavulana kwa wasichana? Wanafanya nini sasa?

2. Mwaka uliopita kikundi chetu, shule yetu na zahanati yetu zililipa fundi wa nje pesa ngapi pamoja na nauli?

3. Je, tunamjua fundi yeyote, wa mifereji, wa nguo au wa mbao, aliyepoteza wateja kwa kula pesa za vifaa? Bila kumtaja jina, shimo lilianzia wapi?

4. Kama kikundi kingenunua chombo kimoja cha kukodisha, kingekuwa kipi, na nani angekiweka?

5. Kabla ya mkutano ujao, ni watu gani wawili watakaotembea sokoni na daftari?

Jibuni swali la tano kwanza. Andikeni majina yao kwenye kumbukumbu za mkutano, na wapewe tarehe ya kuleta orodha.